Pombe kali visiwani: kabla hujaagiza kontena la wiski kwa ajili ya Ukerewe, pitia hapa (uzi mrefu)

#1 Mzee wa Stoo

Wakuu, salaam kutoka Kirumba, hapa Mwanza.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia pembeni. Kauza kiwanja cha urithi, hela anayo, na anataka kuagiza wiski na jini kutoka nje kwa jina lake mwenyewe. Mzigo ushuke Dar, upande Mwanza, uvuke ziwa mpaka Nansio, Ukerewe, na yeye awe ndiye anayelisha kisiwa kizima. Nilimjibu mistari mitatu, nikalala nayo vibaya. Hela ya urithi haipatikani mara mbili. Nimeona niandike hapa hadharani ili na wengine wenye wazo hilo wasome, na wanaojua zaidi yangu wanirekebishe.

Mimi nauza vinywaji vikali kwenda Ukerewe, Ukara na Irugwa tangu 2011. Nina fremu ya jumla hapa Kirumba na stoo ndogo Nansio anayoisimamia mdogo wangu. Si tajiri. Nimesomesha watoto wawili kwa biashara hii, na nimeshawahi kupoteza karibu mtaji wote. Nitafika huko.

Kwanza kabisa, mtu akitazama ramani anaona Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, anaona wilaya yenye visiwa zaidi ya thelathini, anapiga hesabu ya vichwa, anasema soko ninalo. Vichwa vipo, sikatai. Lakini hela ya kisiwani haitembei kama hela ya Pamba Road. Hapa mjini mtu analipwa mwisho wa mwezi wa kalenda. Kule mialoni, yaani fukweni wavuvi wanakoshushia samaki, watu wanalipwa na mwezi wa angani.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo wageni wengi wanapoanguka. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa inapumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo za mbalamwezi ndipo mwenye mtumbwi anapopiga hesabu: anatoa mafuta, anatoa chakula, anatoa deni la nyavu, kinachobaki anagawana na vijana wake. Hela inaingia mikononi kwa siku chache, kisha giza linarudi na wote wanarudi majini. Ukishusha katoni ishirini mwanzoni mwa giza, utakaa nazo zaidi ya wiki mbili unazitazama. Ukichelewa ukafika mbalamwezi imekwisha, mwenzako kashauza na wewe unaambiwa "tuandikie". Wavuvi wa sangara hawafungwi na mwezi kiasi hicho, hao wanasaidia duka lisikauke katikati. Ila uti wa mgongo wa kambi nyingi ni dagaa.

Kwenye ukuta wa stoo yangu kuna kalenda nimechora duara kwenye kila mwezi mpevu wa mwaka mzima. Mzigo wangu lazima uwe Nansio siku nne kabla ya duara. Sina siri nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Naendelea chini.

#2 Mzee wa Stoo

Kwa nini pombe kali na si bia? Kijana aliniuliza hilo pia.

Bia inataka baridi. Kambi nyingi za visiwa vidogo zinaishi kwa sola na jenereta, na friji la kupoza kreti kumi linakula faida yote. Halafu kreti lina chupa zinazotakiwa kurudi. Unalipa nauli ya kwenda imejaa na nauli ya kurudi tupu, na chupa ikivunjika njiani ni deni lako. Katoni ya vibapa, zile chupa ndogo bapa za pombe kali, inakwenda safari moja tu, haidai barafu, na kwa nafasi ileile ndani ya mtumbwi inahudumia wanywaji wengi zaidi. Hiyo ndiyo sababu yote. Wala si kwamba watu wa visiwani ni walevi kuliko wa mjini, kama nilivyowahi kusoma humu, na maneno yale yaliniudhi.

Kinachouzika ni kibapa. Mzinga, yaani chupa kubwa, unanunuliwa harusini, au na mtu aliyepata bei nzuri ya mabondo (vibofu vya sangara). Kuhusu wiski ya Scotland, mwaka jana mzima nimeuza katoni tatu. Wateja wake nawajua mmoja mmoja: watumishi wa serikali wachache, mwenye nyumba ya wageni, na wazee wawili wanaojenga. Wakitosheka wao watano au sita, soko la wiski limetosheka. Sasa wewe ulete kontena?

#3 Mtoto wa Nansio

Mzee shikamoo. Mimi ndiye niliyekuandikia. Sijakasirika, nashukuru umeleta hapa. Ila naomba nielewe. Nikinunua kwa mwenye duka la jumla Mwanza, yeye kaweka faida yake, na aliyemuuzia Dar kaweka yake. Nikiagiza mwenyewe si nakata hao wote?

#4 Mtu wa Forodha

Marahaba kwa niaba ya mzee. Mdogo wangu, mimi ni wakala wa forodha, nimefanya kazi bandarini Dar na sasa niko Mwanza. Acha nikupigie hesabu ya mfano. Namba ni za kufundishia, viwango hubadilika kila bajeti ya Juni, hivyo usije ukazikariri.

Tuseme chupa moja ya mililita 750, ukijumlisha bei ya kununulia, bima na meli, imefika Dar kwa shilingi 10,000. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una kundi la juu la asilimia 35 lililoanza Julai 2022, na vinywaji vya namna hii vimetajwa humo. Hapo ni 3,500, umefika 13,500. Kisha ushuru wa bidhaa. Huu hauangalii bei, unaangalia lita. Tuseme ni 4,000 kwa lita, chupa yako inabeba 3,000. Umefika 16,500. Halafu VAT ya asilimia 18, na sikiliza vizuri: haipigwi kwenye ile 10,000, inapigwa kwenye 16,500. Hiyo ni 2,970. Jumla 19,470. Bado tozo ya reli, bado ada ya forodha, bado mimi wakala, bado ghala kama karatasi zimechelewa. Kinywaji kimekaribia kuwa bei mara mbili na hakijatoka Kurasini, pale bandarini Dar.

Kuna jambo jingine limejificha kwenye ule ushuru wa lita. Chupa ya 10,000 na chupa ya 60,000 zinalipa 3,000 ileile. Kwa ya kwanza ni karibu theluthi ya bei, kwa ya pili ni kitu kidogo. Kwa hiyo anayeagiza vya bei ya chini anaumia zaidi kuliko anayeagiza vya bei ya juu. Na soko la mzee huku visiwani ni la bei ya chini. Umeona kamba inavyojifunga?

Bado TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 usajili wa vyakula na vinywaji ulitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS. Kila kinywaji unacholeta kinasajiliwa, na ghala lako nalo linasajiliwa. Ukileta aina tano za wiski, ni maombi matano. Mwenye kontena kumi anaigawa gharama hiyo kwenye maelfu ya katoni. Wewe utaigawa kwenye katoni mia mbili.

#5 Mtoto wa Nansio

Duh. Na nikichukua Uganda? Waragi, ile jini yao, inapita mpakani Mutukula, na tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Nasikia haina ushuru.

#6 Mtu wa Forodha

Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mwezi. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, ikiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, inasamehewa ushuru wa forodha. Ule mmoja tu. Ushuru wa bidhaa unalipa, VAT unalipa, TBS wanakusubiri, na stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, lazima iwepo kwenye chupa. Watu wanasikia "soko la pamoja", wanapakia boksi kwenye boti usiku, wanadhani ni biashara. Ni magendo. Mzigo unataifishwa na chombo kilichobeba kinaweza kushikiliwa. Mtumbwi wa mtu mwingine, mwenye watoto.

#7 Mzee wa Stoo

Asante sana ndugu wa forodha, umeyasema kwa mpangilio ambao mimi nisingeuweza.

Sasa hiyo stempu. Tangu Januari 2019 vinywaji vikali vina stempu za kielektroniki, na TRA wana programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu. Unaelekeza kamera, inakuambia ni kinywaji gani na kimetoka kwa nani. Mimi nahakiki hapa Kirumba kabla katoni haijafungwa kamba. Si chupa zote, nafungua katoni moja kati ya tano na kuchukua chupa mbili. Ukisubiri ufike Ukara, mtandao unaweza kukugomea, na hata ukikubali utamrudishia nani? Aliyekuuzia yuko ng'ambo ya maji.

Niseme lililonikuta, bila jina la mtu. Mwaka 2015 muuzaji mmoja hapa mjini alinipa mzigo kwa bei nzuri mno, katoni kumi na mbili za mizinga. Chupa halali, lebo halali. Nikazivusha. Siku ya tatu mdogo wangu ananipigia, mteja karudisha chupa, anasema kinywaji kina harufu ya rangi ya kupaka. Tulipotazama kwa makini vizibo vilikuwa vimebandikwa upya. Zilikuwa chupa zilizookotwa baa, zikajazwa kitu kingine. Nilipanda meli siku iliyofuata, nikazunguka kwa pikipiki duka kwa duka kukusanya zote, nikarudishia watu hela mkononi. Mbili zilikuwa zimeshanyweka. Sikulala usiku nne nikisubiri simu mbaya. Namshukuru Mungu haikuja.

Tangu siku hiyo chupa tupu ya pombe kali haitoki nzima kwenye baa ninazohudumia. Tumekubaliana na wenye baa: lebo inachanwa, shingo inavunjwa, vipande vinafukiwa shimoni mbali na watoto. Wanaookota chupa walininunia, wengine mpaka leo. Lakini chupa nzima yenye lebo nzima ndiyo mtaji wa mchakachuaji. Ukimnyima hiyo, umemfungia kiwanda.

Na kisiwani hakuna kujificha. Hapa Mwanza ukiuza kibaya, mteja anahamia Mabatini, hakuoni tena. Nansio utakutana naye sokoni, msibani, kwenye foleni ya kivuko. Jina la duka lako linafika Bwisya, kule Ukara, kabla mtumbwi wako haujafika.

#8 Muuguzi wa Kisiwani

Mzee, hiyo harufu ya rangi imenisisimua mwili. Naomba niongeze, na naomba tafadhali watu wasome hadi mwisho.

Kinachoua kwenye pombe iliyochakachuliwa mara nyingi ni methanoli. Ni kileo cha viwandani, kinatumika kuyeyushia rangi na vitu vya namna hiyo. Kinafanana na kileo cha kawaida kwa rangi, na ukionja hutofautishi. Harufu ya rangi aliyoisema mzee ni bahati, mara nyingi huwa hakuna dalili yoyote. Wazee wetu wanamimina kwenye kijiko wanawasha, wakiona moto wa bluu wanasema safi. Si kweli. Kileo safi kinawaka bluu, na methanoli nayo inawaka moto wa bluu hafifu usioonekana vizuri. Kijiko hakijui tofauti.

Pombe ya kuchemsha majumbani, gongo, nayo inaweza kuwa na methanoli kidogo, hasa ikitokana na matunda. Lakini vile vifo vya watu wengi kwa mkupuo husababishwa zaidi na mtu kuongeza methanoli makusudi ili apate wingi kwa bei ndogo. Kiasi cha kujaza vijiko viwili vya chakula kinaweza kumuua mtu mzima, na chini ya hapo kinaweza kumpofusha.

Ubaya wake ni kwamba hakianzi mara moja. Mtu analewa kama kawaida, analala, anaamka anadhani ni hangova. Saa 12 mpaka 24 baadaye ndipo tumbo linauma, anatapika, anahema haraka, na anaanza kusema anaona ukungu mweupe mbele ya macho. Akisema neno hilo la ukungu, msimpe maziwa, msimlaze apumzike. Mleteni kituoni saa ileile, na chupa mje nayo. Waliokunywa naye waje wote hata kama wanajisikia wazima, maana dawa inafanya kazi vizuri zaidi kabla sumu haijageuka mwilini. Kutoka kisiwa cha pembeni hadi Nansio, na kutoka Nansio hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, saa zinakwisha njiani. Saa mbili mlizosubiri nyumbani hamtazirudisha.

#9 Mzee wa Stoo

Dada muuguzi, Mungu akuweke. Nitalichapisha hili na kulibandika dukani, kama unaniruhusu.

#10 Muuguzi wa Kisiwani

Bandika. Na bandika kwa herufi kubwa.

#11 Mama wa Mwaloni

Mimi nauza chakula mwaloni, si mzoefu wa kuandika humu, mwanangu ndiye ananisaidia. Nimesoma yote. Mnaongea vizuri kuhusu kodi na stempu. Mbona hamjaongea kuhusu vijana wanaoingia majini wamelewa? Kaka yangu aliondoka jioni kavaa shati tu, mkononi kibapa, hakuvaa boya. Walimpata siku ya pili. Kibapa kile kilikuwa na stempu. Kilikuwa halali kabisa.

#12 Mzee wa Stoo

Mama, pole sana. Nimekaa na maneno yako tangu asubuhi kabla sijajibu.

Sina jibu la kurudisha mtu. Naweza kukueleza tunachofanya tu, uone kama kinatosha, na kama hakitoshi useme.

Mitumbwi ya dagaa inaondoka jioni. Sisi siku za giza tunafunga kuuza saa tisa alasiri mpaka mitumbwi iwe imeshatoka yote. Mdogo wangu alinibishia, alisema saa hizo ndizo za kununua "cha kuondolea baridi". Nikamwambia ndiyo maana tunafunga saa hizo. Mwanzoni vijana walikwenda kwa jirani. Tukaenda kwa jirani, tukaongea, na mwenyekiti wa mwalo akatusaidia, wenye mitumbwi nao wakaunga mkono, maana wao ndio wanaopoteza nyavu na injini mlevi akizembea. Sasa kwenye mwalo wetu ni kawaida. Kwenye mialo mingine bado, sitakudanganya. Watoto chini ya miaka 18 hatuwauzii hata wakitumwa na baba zao. Anayetaka aje mwenyewe.

Najua hata hivyo mtu anaweza kununua asubuhi akaweka mfukoni. Hilo sijapata dawa yake.

#13 Mama wa Mwaloni

Nimekusikia. Wenye mitumbwi wakatae kupakia asiyevaa boya, mlevi au si mlevi. Mkiweza kulisema hilo kwenye kikao chenu na wenyeviti wa mialo, nitakuja mwenyewe kulisimamia.

#14 Nahodha Mstaafu

Mama kasema kweli na mimi naunga mkono. Nimeendesha vyombo ziwani miaka 26.

Niongeze upande wa mzigo, maana wafanyabiashara ndio wanaotusukuma kupakia kupita kiasi. Mzinga mmoja una uzito wa kilo moja na robo hivi. Katoni ya kumi na mbili ni kama kilo 15. Mfanyabiashara anakuja na katoni arobaini anasema "ni boksi tu hizi". Hizo ni kilo 600, ni watu wazima wanane au tisa waliokaa juu ya mizigo mingine. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ilipinduka ikitoka Bugorora kwenda Ukara, siku ya gulio, imebeba watu na mizigo kuliko uwezo wake, tukazika watu zaidi ya 220. Kivuko kile kilipangiwa abiria 101. Tuliokuwepo kwenye kuopoa hatuwezi kusikia mtu akisema "ongeza tu kidogo" tukanyamaza.

Mwenye mzigo atangaze uzito wake wa kweli, alipe nauli yake ya kweli. Na katoni za chupa zikae chini katikati, zisipangwe juu. Mzigo wa juu ndio unaopindua.

#15 Mzee wa Stoo

Nahodha, hapo umenikumbusha niandike njia ninazotumia.

Mzigo mkubwa unapanda meli ya Mwanza–Nansio, ni saa tatu mpaka nne, unapimwa na una karatasi. Njia ya pili ni barabara: Mwanza hadi Bunda, unakata kwenda Kisorya, unavuka na kivuko hadi Rugezi, kisha Nansio. Ni mzunguko, ila gari linafika na mzigo hadi mlangoni, na chupa zinapakiwa na kushushwa mara moja tu. Kila kupakia na kushusha ni chupa mbili tatu zinapasuka. Kwa Kome na Maisome mimi siendi sana, lakini jamaa zangu wa upande ule wamepumua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani gari lilikuwa linalala foleni ya kivuko na hela ya kulinda mzigo inaliwa usiku.

Risiti ya mashine ya kodi (EFD) ya mzigo isafiri na mzigo. Isibaki kwenye droo Kirumba.

Leseni nitaipita haraka maana maofisa biashara wanaijua kuliko mimi. Leseni ya vileo ni tofauti na leseni ya biashara ya kawaida, inaombwa halmashauri ambako duka lilipo, na inakwenda kwa nusu mwaka. Ya Mwanza jiji haikuhalalishi Ukerewe. Ya jumla haikuhalalishi kufungulia mtu kibapa akanywea mlangoni. Kuagiza kutoka nje ni leseni nyingine kabisa, hiyo ni ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

#16 Mtoto wa Nansio

Mzee, ulisema ulipoteza karibu mtaji wote. Ilikuwa zile chupa za 2015?

#17 Mzee wa Stoo

Hapana. Ilikuwa viroba.

Wengi humu ni wadogo, hawakumbuki. Vile vipakiti vya plastiki ndivyo vilikuwa roho ya biashara ya visiwani. Vyepesi, havipasuki, bei ya sarafu. Nusu ya mauzo yangu ilikuwa viroba. Februari 2017 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kwamba mwisho wake ni tarehe 1 Machi. Mimi wakati huo nilikuwa nimejaza stoo ya Nansio mpaka dari kwa mkopo, nikidhani nimewahi bei kabla haijapanda. Siku kumi na kitu hazikutosha hata kuvirudisha Mwanza, na huku kila mtu alikuwa anauza kwa hasara vilevile. Nililipa ule mkopo miaka miwili kwa kuuza dagaa.

Na nitasema neno ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi: marufuku ile ilikuwa sahihi. Niliona watoto wa darasa la tano na viroba kwenye soksi. Niliona fukwe za Ukara zimejaa vipakiti mpaka nyavu zinavivua. Iliniumiza mfukoni na ilikuwa sahihi. Baada ya viroba kuondoka nikaanza kuuza vibapa, wachache zaidi wananunua, na watoto hawamudu.

Kilichonifilisi ilikuwa stoo iliyojaa. Kisiwa ni kidogo, ukishikwa na mzigo usiouzika huna mtaa wa pili wa kuukimbizia. Sheria ikibadilika, ushuru ukipanda, samaki wakipotea msimu mmoja, wewe na katoni zako mnatazamana. Tangu 2017 sijawahi kuweka Nansio mzigo unaozidi mbalamwezi mbili. Ndiyo maana nilishtuka kusikia kontena.

#18 Mtu wa Forodha

Mzee, hiyo ya mbalamwezi mbili nimeipenda. Nina mteja wa kisiwa cha Goziba nitampelekea.

#19 Mtoto wa Nansio

Nimesoma uzi mara tatu, na jana nimemsomea mama yangu. Nimeacha wazo la kuagiza.

Nilichofikiria sasa: nichukue fremu ndogo Bugorora, leseni ya rejareja, nianze na katoni kumi kutoka duka la jumla, zenye risiti na stempu. Hela iliyobaki nusu iwe kwenye nyavu za binamu yangu, na nusu benki. Mali kauli, yaani kukopesha mzigo, nisitoe kwa mwaka wa kwanza. Mzee, niko sawa?

#20 Mzee wa Stoo

Uko sawa, isipokuwa mambo mawili. Katoni kumi ni nyingi kwa Bugorora mwezi wa kwanza. Anza na nne, tatu za vibapa na moja ya mizinga, wiski usiguse. Na mali kauli huwezi kukataa mwaka mzima, utakaa peke yako. Kule mtu asipokopesha anaonekana hajui kuishi na watu. Kopesha wenye mitumbwi tu, wale unaojua mtumbwi wao unalala mwalo gani, na uandike mbele yao. Vijana wa kuvuta nyavu usiwakopeshe hata kwa huruma, maana deni la pombe linakatwa kwenye hela ya unga wa watoto wao, na mama zao watakuja dukani kwako, watakuwa na haki.

Mama wa Mwaloni, kikao cha wenyeviti ni siku ya pili baada ya mwezi mpevu, pale ofisi ya BMU, kikundi cha kusimamia mwalo. Nimeongea nao kwa simu leo. Suala la maboya limewekwa la kwanza na jina lako lipo.

Kijana, mwezi unapevuka Jumatano ya wiki ijayo. Njoo Kirumba Ijumaa hii saa mbili asubuhi, uje na TIN yako (namba ya mlipakodi) na simu yenye chaji. Tutafungua katoni pamoja tuhakiki stempu, kisha unapanda nazo meli.